Miji ya Baba

Jumapili, 1 Juni

Nimeamua. Siombi ushauri wa mtu. Tarehe ishirini na moja tunaingia barabarani – mimi, Baba na Mama – kwa kigari changu, nikiendesha mwenyewe. Leseni ninayo tangu mwaka jana. Viti nimevishona upya kwa mikono yangu, sponji mpya, leza ya kahawia, ile ngozi ya bandia, iliyobaki kwenye basi la wanakwaya. Fundi wa viti vya magari mwaka nenda mwaka rudi, na sijawahi kukaa garini zaidi ya nusu siku. Kichekesho.

Mama nilipomwambia alikuwa anakunja shuka. Akaimaliza kwanza, pembe kwa pembe, kama alivyozoea kule kwenye dobi la hospitali kabla hajastaafu. Ndipo akauliza: kwa hiyo nitauona ule mlango?

Mlango wa hoteli, Jiji la Saa. Ule unaozunguka wenyewe, ambao Baba aliingia na mabuti yake ya kazi ukamzungusha mara tatu kabla ya kumtema ndani, mbele ya wavaa tai wote. Tumekua na hadithi hiyo. Baba alikuwa anaendesha tela, miaka thelathini na ushee, na kila akirudi alitushushia jiji. Jiji la Saa. Saa yake ina nyuso nne. Jiji la Madaraja, taa zinawaka moja moja kama mtu anahesabu. Jiji la Ngazi, ngazi za mawe meupe mpaka baharini. Kwenye ramani yana majina yake makubwa, dunia nzima inayajua, ila nyumbani kwetu hakuna anayeyatumia.

Mama alizipeleka hadithi hizo kazini. Madobi wenzake wakimwona tu asubuhi: haya, mumeo kaona nini safari hii? Aliwasimulia wakiwa wameinamia mapipa ya nguo zenye damu za watu. Yeye mwenyewe hajawahi kutoka nje ya mji huu, labda kwa kuzika.

Sasa atatoka.


Jumanne, 3 Juni

Baba kaja karakana asubuhi na mapema, koti limepigwa pasi, anataka karatasi kubwa. Yeye ndiye atakayepanga njia, nisijisumbue na simu, simu haijawahi kuchoma mafuta. Nikampa karatasi ya kukatia patroni za viti. Karibu alale juu ya meza yangu, penseli sikioni. Sijamwona na furaha hivyo tangu astaafu.

Hadi mchana njia ilikuwa tayari. Hapa Kona ya Maji, uwanja mpana, magari yanageuka bila shida. Hapa mizani ya malori, tupite kabla ya foleni. Hapa tunazunguka, kuna daraja fupi, litatukwangua juu.

Nikamwambia: Baba, gari letu kimo chake kinanifika kidevuni.

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Gundi akacheka mpaka akaangusha mkasi. (Gundi ni mwenzangu wa karakana. Akishika mazungumzo habanduki, ndiyo maana.)

Amepanga safari ya tela! Vituo vyote vina nafasi ya kugeuza futi arobaini. Anataka tubebe magogo ya kuzuilia tairi. Turubai pia.

Kituo kimoja amekizungushia duara mara mbili: Kwa Mama Shuka. Mahali padogo njiani, hata kwenye simu hapaonekani vizuri. Mama mmoja anayelaza madereva, shuka zake safi, jina likamkaa. Hapo tutalala usiku wa kwanza, alisema Baba, hapo wananijua.

Kitu kimoja nimekiona baadaye, nilipokuwa naikunja karatasi. Mstari wake haugusi jiji hata moja. Unafika ukingoni, unazunguka, unatokea upande wa pili.


Alhamisi, 5 Juni

Nimeingiza majiji matatu kwa kalamu nyekundu. Baba kayafuta. Jiji la Saa hakuna pa kuegesha. Nikalirudisha. Akalifuta tena – vibaka. Nikamwambia Mama hataki kuona mizani, anataka kuona mlango. Akasema goti la Mama halitaweza ngazi.

Goti la Mama limepanda ngazi za hospitali ile maisha yake yote na pipa la nguo kiunoni.

Nimerudisha yote matatu. Kwa wino safari hii.


Jumamosi, 7 Juni

Mama kanunua viatu. Vyeusi, kisigino kifupi, kamba juu. Anavivaa ndani ya nyumba ili vimzoee. Tunamsikia akitoka jikoni kwenda sebuleni, ko ko ko, Baba anajificha nyuma ya redio.

Madobi wenzake wa zamani walikuja jioni kumuaga, utafikiri anahamia mwezini. Mmoja, mwenye sauti nene, kamwambia apigwe picha mlangoni pale pale, na Baba azunguke tena wamwone. Wote wakacheka. Mama alicheka na mkono mdomoni, kama msichana. Baba akatoka nje kuangalia maji ya betri. Gari halikuwapo, nilikuwa nimeliacha karakana.


Jumatatu, 9 Juni

Leo nimejua. Sijui nikasirike au nicheke.

Baba alikuja Gundi akiwa kwenye chakula. Akakaa kwenye kiti cha basi nilichokuwa nimekichana, cha springi tupu, akawa anazama taratibu huku anaongea. Akasema niahirishe. Niseme gari limekufa. Injini, chochote, mimi ni mtu wa magari nitajua cha kusema.

Nikamuuliza kwa nini. Akakwepa. Nikaweka chini stepla, nikakaa mbele yake, nikamwambia sinyanyuki.

Hajawahi kuingia.

Hata jiji moja! Matela yalikuwa hayaruhusiwi. Mzigo walishushia kwenye maghala ya nje, foleni siku mbili, siku tatu, wakaambiwa geuza. Na dereva haachi mzigo. Alilala kwenye kabini au chini ya tela, kwenye mkeka. Taa za jiji aliziona kwa mbali, wekundu tu juu ya mawingu. Mlango wa kuzunguka alisimuliwa na dereva mmoja wa gari la magazeti. Ngazi nyeupe aliziona kwenye kalenda ya kampuni ya matairi.

Nikauliza sasa kwa nini, Baba, yote hiyo ya nini?

Akasema: Mama yako alikuwa ananipokea pale mlangoni, hajavua hata aproni ya kazini. Anauliza, haya, kukoje huko? Mikono yake imebabuka kwa sabuni. Ningemwambia nini? Kwamba nimelala chini ya tela nahesabu boliti?

Nikamvuta kutoka kwenye kile kiti maana alikuwa amezama kabisa.


Jumanne, 10 Juni

Hasira leo ndiyo imefika. Nimeharibu mshono wa kiti cha mbele cha mteja, nimefumua, nimeshona, nimefumua tena.

Mimi pia niliwasimulia watu, darasani. Nilipigana na mtoto wa jirani kwa ajili ya ule mlango.

Lakini siahirishi. Nimempigia Baba: safari ipo. Na kabla ya siku ya kuondoka utamwambia Mama wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Akasema sawa. Akakata simu haraka sana.


Alhamisi, 12 Juni

Nimetafuta kwenye simu. Saa ipo. Haina nyuso nne, ina mmoja, na iko ukutani mwa kituo cha treni. Madaraja yapo, taa zinawaka zote kwa pamoja, pwaa. Ngazi ni za kijivu. Hoteli zenye mlango wa kuzunguka nimekuta tano, zote za juzi juzi, Baba alishastaafu.

Gundi ilibidi nimwambie, angenitoboa kwa maswali. Akili yake: mwambieni Mama ile hoteli ilibomolewa. Rahisi, kifusi hakishuhudii. Nilitamani kwa kama dakika nzima. Halafu nikamwona Mama pale kwenye kifusi na viatu vyake, anamsikitikia Baba kwa kupotelewa na hoteli. Hapana. Uongo juu ya uongo sishoni mimi.

Na hata hivyo – lazima aione ile saa. Uso mmoja au nyuso nne. Hiyo ndiyo kazi yangu, kumfikisha.

Baba hajamwambia.


Jumamosi, 14 Juni

Haya, sasa kuna jipya. Baba anataka tuondoe kituo cha Kwa Mama Shuka.

Majiji kayakubali, kimya kimya, kama mtu anayemeza kidonge. Ila pale tusilale. Pameharibika siku hizi, shuka zimechakaa, kunguni. Hivi si wewe uliyepazungushia duara mara mbili? Akasema alisahau. Alisahau nini? Akaanza kuniuliza habari za tairi la akiba.

Alisahau kwamba Mama atakuwepo. Nimeelewa. Mimi si mtoto.

Madereva na vituo vyao! Kila mtu anajua utani wa madereva na vituo vyao. Mama anakunja shuka za wagonjwa, huku kuna mwingine anatandika zake safi. Nimeshindwa kula.


Jumatatu, 16 Juni

Baba: tupite moja kwa moja, tutafika Jiji la Saa jioni ile ile.

Mimi: tutalala Kwa Mama Shuka.

Baba: kuna njia nyingine nzuri zaidi, ya bondeni.

Mimi: tutalala Kwa Mama Shuka.

Kichwa kigumu nimekirithi kwake, asinilaumu.


Jumatano, 18 Juni

Leo nilidhamiria kumwaga kila kitu. Mambo ya majiji, na lile lingine pia. Nilimkuta Mama anapiga pasi shati la Baba la safari. Nikakaa. Nikasema, Mama, kuna jambo kuhusu safari.

Akaniuliza: gari limeharibika? Hapana. Baba yako amekataa kwenda? Hapana, ila–

Akageuza kola. Akasema: basi mengine niachie mimi, we angalia barabara. Na akaniambia nimletee maji ya kunyunyizia.

Nikamletea. Ndiyo kusema nini? Anajua? Anajua lipi? Nimemtazama usoni kama mtu anayesoma karatasi ya dawa ya macho, maandishi madogo madogo, sikuambulia kitu. Anapiga pasi vizuri tu. Mstari mmoja kwenye mkono, umenyooka.


Ijumaa, 20 Juni

Mizigo tayari. Magogo ya tairi nimeyakataa, Baba kaingiza moja kinyemela chini ya kiti. Turubai nimekuta ndani ya blanketi.

Nilimbana uani: umemwambia? Akasema anatafuta nafasi. Mnaishi nyumba moja, Baba, nafasi gani unayoitafuta? Machozi yakamlengalenga. Nikajisikia vibaya. Sikumwachia hata hivyo. Nikamwambia kesho, njiani, kabla ya jiji, la sivyo nitasimamisha gari nimwambie mimi.

Gundi kasema atanitunzia karakana. Kanipa chupa ya maji na ushauri mrefu kuhusu gia.


Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa ndani ya gari, mlango wazi, nimejifanya natafuta chaja. Wenyewe wako pale kwenye meza, hatua chache tu, nawasikia wote. Niandike haraka.

Njiani vizuri. Nimeendesha vizuri! Baba alikaa mbele na mguu wake wa kulia ukawa unakanyaga breki ambayo haipo. Kila kilima alikijua. Hapa aliwahi kulala siku mbili ekseli imekatika. Pale kuna chemchemi, maji yake matamu, tushuke. Tukashuka, Mama akanywa, kweli matamu. Kona ya Maji muuza vipuri alimkumbatia Baba mpaka kofia ikaanguka. Mama alikuwa anatazama dirishani muda wote, anauliza hiki nini, kile nini, na Baba akajibu, na kwa mara ya kwanza nikagundua kwamba hizi hadithi hatujawahi kuzisikia hata moja. Za kweli hakutusimulia.

Kuhusu majiji, kimya. Kila nikimkanyaga kwa jicho anaonyesha mlima.

Tulipokaribia hapa akaanza kutokwa jasho. Akasema tuendelee tu, jua bado lipo. Nikakata kona, nikaingia uani, nikazima gari. Nilimwandaa huyo mwanamke kichwani tangu juma lililopita – kijana, mwenye mikogo.

Akatoka bibi kizee mnene, anachechemea, anajifuta mikono kwenye khanga kuukuu. Baba mwenyewe bibi hakumpa salamu ndefu. Akampita, akaja moja kwa moja dirishani kwa Mama, akamshika mikono yote miwili.

“Mwalimu Mkuu! Karibu, jamani, Mwalimu Mkuu. Tulishakata tamaa, tukasema shule haitampa nafasi huyu mpaka tufe.”

Mama akamwangalia Baba. Baba akawa anakagua tairi la mbele.

Wakatoka wengine – fundi tairi, mzee wa pampu, mama wa dukani. Wote: Mwalimu Mkuu, shikamoo. Chumba cha mbele kimepigwa deki, kimetandikwa shuka mpya, kimewekewa maua kwenye chupa. Baba alipiga simu juzi kuwaomba wasimwite hivyo, nimekuja kuelewa, ila simu aliipokea mzee wa pampu, naye masikio yake yameshachoka.

Kwa hiyo hakuna mwanamke. Yupo Mama huyu huyu mmoja. Kule nyumbani Baba alituletea majiji, na huku akawaletea Mama aliye Mwalimu Mkuu.

Mama aliachishwa shule akiwa msichana ili alee wadogo zake. Hasemi sana habari hizo. Nilimwona akishuka garini na midomo imebana, nikajua amechomwa. Nikajiambia, haya, wewe ndiye uliyeng'ang'ania, kula sasa. Nilitaka kumshika mkono tuondoke.

Ndipo fundi tairi akasogea. Mtu wa makamo, aibu tele, mikono myeusi ya mpira. Akasema miaka yote ametaka kumshukuru. Binti yake alikuwa amegoma hesabu, analia, hataki shule tena. Yeye akamtuma Baba akamuulize Mwalimu Mkuu. Na Baba aliporudi safari iliyofuata alileta jibu: asichapwe, apewe kazi ya kuhesabu kitu kinacholiwa, na anayehesabu ndiye agawe. Wakampa karanga za dukani. Binti hakuacha shule. Baadaye akatuma swali la pili, na la tatu.

Mama akasema polepole: “Karanga.”

“Karanga, Mwalimu.”

“Nilisema maharage. Au karanga.” Akageuka kwa Baba. “Si uliniuliza? Nilikuwa naanika nguo. Ukasema ungekuwa wewe, mtoto hataki hesabu, ungemfanyaje.”

Baba akaitikia kwa kichwa.

Nimelia kidogo, niandike ukweli. Ndiyo maana nilikuja kutafuta chaja.

Sasa hivi Mama kakaa kwenye kiti cha kichwa cha meza. Anaulizwa shule ina wanafunzi wangapi. Nasikia anajibu kwamba siku hizi wamepungua, wazazi wanahama hama. Sauti haijatikisika. Bibi wa shuka anatikisa kichwa kwa huzuni.

Fundi tairi anasema binti yake yuko njiani. Anafundisha shule ya kule ng'ambo ya mto, hesabu hizo hizo. Amesikia Mwalimu Mkuu yupo, ameomba ruhusa, amepanda pikipiki.

Kesho asubuhi Jiji la Saa. Baba bado hajamwambia. Tutafika na ile saa yenye uso mmoja itakuwa pale pale ukutani, sijui itakuwaje.

Pikipiki hiyo, naisikia. Inashuka kilima.

Mama kanyanyuka, kasema anafuata miwani garini, kamvuta Baba kwa mkono wa shati. Wamesimama hapa nyuma ya buti, hawajui kama nawasikia. Mama ameinama anafunga kamba ya kiatu. Anamwambia, “Baba watoto, upesi, kabla hajafika. Mimi nafundisha somo gani?”